Pancha ya kwanza na gari mpya: fungua buti kabla barabara haijakufungulisha

Kwanza tuelewane, Bongo mtu akisema kanunua gari mpya mara nyingi anamaanisha mpya kwake yeye. Imetoka Japani ikiwa na miaka yake kumi na kitu mgongoni, imeshuka bandarini, imelipiwa ushuru, imepigwa namba, na wiki hiyo hiyo mwenyewe anataka aipeleke nyumbani wakaione. Mi ndo nilikuwa huyo. Nikampakia bi mkubwa siti ya nyuma na ndoo yake ya dagaa, tukaianza Morogoro Road, Chalinze tumepita vizuri, Ubena Zomozi tumepita, sasa tunaitafuta Mikese, mara usukani ukaanza kunivuta kushoto na chini nikasikia pwata pwata pwata kama mtu anakimbia na kandambili zenye maji.

Pancha yenyewe sio habari, kila mwenye gari ataipata. Habari ni kwamba nilikuwa sijawahi kuinua kapeti la buti hata siku moja. Nikaliinua mbele ya mama, jua la saa nane, nikakuta makubwa: spea nyembamba kama ya bodaboda na haina upepo, jeki ipo ila mpini wake haupo, alafu kwenye kila tairi kuna nati moja haifanani na wenzake, ina maua maua kichwani na spana haiingii. Kwa hiyo mwongozo huu siuanzii barabarani, nauanzia nyumbani kwako, siku ile ile gari imeingia getini na watu bado wanakupa hongera.

NYUMBANI

Toa kila kitu kwenye buti, inua kapeti, inua na lile sponji la chini yake. Utakuta kimoja kati ya hivi: spea kamili inayolingana na tairi zako, au spea nyembamba ya dharura, au hakuna spea kabisa ila kuna kompresa ndogo na chupa ya dawa ya kuziba, au hakuna kitu chochote. Hiyo ya mwisho usikimbilie kusema umeibiwa, BMW nyingi kwa mfano zinakuja na tairi ngumu ubavuni zinazotembea hata upepo ukiisha, kama kilomita 80 kwa spidi isiyozidi 80, kwa hiyo hawaweki spea. Ila kama mwenye gari wa kwanza alishabadilisha akafunga tairi za kawaida basi hapo ndo huna kitu kweli, na ni bora ujue leo.

Kisha tafuta jeki, mpini wa jeki na wili spana. Hivi vitu Wajapani wanavificha, saa ingine viko chini ya siti ya mbele, saa ingine ubavuni mwa buti nyuma ya kifuniko cha plastiki, na jeki inakuwa imekazwa pale kwa kujitanua yenyewe, ukiizungusha kwa mkono inalegea inatoka. Ukiipata usiishie kuiangalia ukaridhika, izungushe mpaka juu uone kama haijashika kutu.

Spana nayo ijaribu kwenye nati zenyewe. Toyota nyingi ndogo na Nissan nyingi zinatumia namba 21, Subaru, Suzuki na Honda nyingi ni 19, sasa mtu kauza Toyota kahamia Subaru kabeba na spana yake ya zamani kwa sababu anaipenda, siku ya siku inazunguka tu kama kijiko kwenye kikombe. Na spoti rimu zisizo za kiwandani zina mashimo membamba ambayo spana nene haizami, hiyo nayo ijue mapema.

Sasa njoo kwenye nati za loki, hapa naomba utulie kidogo maana ndo zilizonilaza njiani. Zungukia tairi zote nne, hesabu nati, angalia kama kuna moja kila tairi yenye umbo la ajabu, maua au mkunjo mkunjo. Hiyo imewekwa ili rimu zisiibiwe na inafunguliwa na kifunguo chake maalum, kichuma kidogo kama kizibo ambacho upande mmoja kinakaa kwenye maua na upande wa pili kinapokea spana. Kinafichwa kwenye dashibodi, kwenye boksi la katikati ya siti, au kwenye tundu dogo la lile sponji la spea. Changu nilikuja kukikuta wiki mbili baadae kwenye kimfuko cha nailoni chini ya sponji, yani siku ile Mikese tulikuwa nacho muda wote. Ukitafuta ukakosa, nenda kwa fundi azing'oe ukiwa mjini na akili zimetulia, ufunge nati za kawaida za saizi na nyuzi zile zile, usiseme nitafanya mwezi ujao.

Baada ya hapo fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo kuna stika ya Kijapani. Maandishi hutasoma ila namba utasoma: saizi ya tairi, na upepo kwa kPa. Ukikuta 230 hiyo ni kama 33 kwenye geji ya psi ya fundi, 220 ni kama 32, ile 2.3 ya pembeni ni kitu kile kile. Pima asubuhi kabla hujatembea. Mambo ya kumwambia fundi "jaza tu ya kawaida" na yeye anajaza 40 kila gari inayokuja, acha.

Jingine ambalo wengi hawalijui, tairi zilizokuja na gari zinaweza kuwa za barafu. Wenzetu kule wana theluji, gari ikinunuliwa kwenye mnada wakati wa baridi inakuja na tairi zake za baridi. Tafuta ubavuni neno STUDLESS, alafu angalia pale inapokanyaga utaona imechanwachanwa vimistari vidogo vidogo vingi. Mpira wake ni laini, kwenye lami yetu ya joto unaisha haraka na gari inakuwa kama inateleza teleza kwenye kona. Na umri usome, mwisho wa ule msururu wa herufi na namba ubavuni kuna tarakimu nne, 3812 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2012. Yangu ilikuwa hiyo hiyo 3812, inang'aa kwa dawa ya kupaka, meno yamejaa, mi nikaona tairi mpya kabisa. Ukiikunja kwa kidole gumba nyufa zinaonekana kama udongo wa mbuga kiangazi.

La mwisho nyumbani, na hili watu wananicheka nikiwaambia: fanya mazoezi. Jumapili mchana, uwanja wa simenti, fungua tairi moja, funga spea, rudisha. Dada zangu na shemeji zangu wote nimewafanyisha na hakuna aliyeshindwa. Nati kama zilikazwa na mashine kwa mafundi zitakugomea na hapo ndo utajua unahitaji kipande cha bomba la chuma cha kurefushia spana. Kitupe kwenye buti, na kipande cha ubao cha kuwekea jeki kwenye mchanga, tochi, glavu, kanga iliyochoka ya kupigia magoti, reflekta zile za pembetatu, hata trafiki atakuuliza.

BARABARANI

Ukisikia gari inavuta, au kwenye dashi imewaka ile taa ya njano kama kikarai chenye alama ya mshangao ndani, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, gari ipungue yenyewe, washa hazadi, tafuta sehemu ya kutokea. Usisimame juu ya lami wala kwenye kona wala kwenye mteremko, bora ujivute taratibu mita mia mbili upate bega pana, tairi ikiharibika utanunua. Ila usijidanganye ukasema naitembeza hivi hivi hadi kituo kinachofuata, kilomita mbili tatu bila upepo zinatosha kuitafuna kwa ndani, tena na rimu inapinda.

Na kuna sehemu haushuki kabisa. Ile barabara ya Iringa inakatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, mle tembo na nyati wanavuka barabara kama wapo kwao, na wapo kwao kweli, na simba humwoni mpaka akuone. Ukipata pancha mle baki ndani ya gari, funga vioo, washa hazadi, omba gari nyingine isimame karibu na wewe au piga simu upate msaada, au jivute taratibu utoke hata kama tairi inakufa.

Ukiwa sehemu salama, washushe abiria wote wakae mbali upande wa porini, sio upande wa lami. Weka P au gia, vuta handibreki, kama ni haibridi hakikisha umeizima kabisa sio imekaa kimya tu. Reflekta ipeleke nyuma mbali, hatua mia sio nyingi, kwa sababu lori la mzigo linaloshuka halisimami kwa kuomba. Kama huna, vunja matawi ya miti uyapange nyuma, kila dereva wa nchi hii anaelewa lugha hiyo. Weka jiwe kwenye tairi ya upande wa pili, mbele na nyuma.

Kisha, KABLA HUJAINUA GARI, legeza nati nusu mzunguko kila moja. Ukiinua kwanza tairi inazunguka na wewe na gari inatikisika juu ya jeki. Spana ielekee kushoto, sukuma kwenda chini, zinafunguka kinyume na saa.

Hapa ndo mimi nilipokwama. Nati nne zimelegea, ya tano ile ya maua, hakuna. Likasimama semi, utingo akashuka, kijana tu wa miaka ishirini na kitu, akamwendea mama kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, tusaidie mwanangu."

Kisha akachuchumaa pale kwenye tairi akaniangalia. "Braza, kifunguo cha hii kiko wapi?"

"Kifunguo gani?"

Akacheka, akapanda kwenye lori akarudi na nyundo na boksi spana moja imechakaa, ndogo kidogo kuliko ile nati. Akaigongelea juu ya yale maua kwa nguvu mpaka ikang'ata, akaunga spana, akavuta kwa mshtuko mmoja, krak, ikaachia. Hiyo mbinu inafanya kazi mara nyingi ila nati inakufa na boksi spana saa ingine haitoki tena, kwa hiyo ni ya mwisho kabisa, na lazima mwenye nyundo awe anajua anachofanya maana rimu iko pale pale inasubiri kuchubuliwa.

Jeki inakaa sehemu yake tu. Pitisha mkono chini ya ubavu wa gari, nyuma kidogo ya tairi ya mbele au mbele kidogo ya tairi ya nyuma utaona sehemu ya chuma yenye alama mbili za kukatwa, kichwa cha jeki kinaingia katikati hapo. Sio kwenye plastiki ya urembo, itavunjika, na sio popote panapoonekana pagumu. Chini ya jeki weka ubao. Mpini wangu haupo kwa hiyo utingo alikunja kinondo akakichomeka kwenye lile tundu la jeki tukazungusha nacho, ila ilichukua karne. Inua mpaka tairi iachane na ardhi, ongeza kidogo zaidi kwa sababu spea yenye upepo ni kubwa kuliko tairi iliyolala. Na usiingize mguu wala kichwa chini ya gari. Spea uliyoitoa ilaze chini ya ubavu wa gari karibu na jeki, jeki ikiteleza gari inaangukia tairi haikuangukii wewe. Ukishatoa ile mbovu unazibadilisha.

Tairi ikigoma kutoka hata nati zote zimeisha, ni kutu imeishikilia. Usiivute kama unang'oa muhogo gari ikiwa juu ya jeki. Rudisha nati mbili tatu bila kuzikaza, shusha gari taratibu uzito uingie, itajiachia yenyewe, ndo unainua tena.

Spea ikiingia, nati zianze kwa mkono, upande uliochongoka uelekee ndani. Zifuate kwa kuruka, sio kwa mduara, ukikaza hii unaenda ya upande wa pili. Shusha gari, ndo unakaza kwa nguvu. Nguvu kiasi gani? Toyota ndogo nyingi zinataka kama Nm 103, ambayo kwa spana ya sentimita 30 ni sawa na kuining'iniza kilo 35 mwishoni mwake. Sasa mtu wa kilo 80 anapanda na miguu miwili anaruka ruka juu ya spana, huyo anakaza zaidi ya mara mbili, anavuta bolti, na wa kulia ni yeye mwenyewe pancha ijayo. Vuta kwa mkono mpaka ikate pumzi, basi.

Kabla hujawasha gari toa yale mawe na matawi barabarani. Siku hiyo hiyo mbele kidogo tulikwepa jiwe la mtu aliyeshamaliza shida zake akaenda.

SPEA NYEMBAMBA NA CHUPA YA DAWA

Spea nyembamba imeandikwa yenyewe ubavuni, mwisho 80 kwa saa na upepo 420 kPa, yani psi 60. Sitini! Ukiipeleka kwa fundi atakuwekea 30 kwa mazoea na itakaa kama mkate uliolowa, mwambie asome. Yangu ilikuwa sifuri kwa sababu tangu itoke kiwandani hakuna aliyeigusa, yule utingo akavuta mpira wa upepo kutoka kwenye tenki la lori lao akaijaza, Mungu ampe maisha. Nikatembea 60 mpaka Msamvu pale Morogoro mjini, mama kashika ndoo yake ya dagaa hasemi kitu, na ukimya wa mama unaujua. Hiyo spea ni ya kukufikisha kwa fundi tu, breki zinakuwa ndefu na gari inayumba, usiende nayo Mbeya.

Kama una chupa na kompresa, kwanza angalia tarehe kwenye chupa, gari ya mwaka 2012 inaweza kuwa na chupa iliyokufa zamani. Inaziba tundu la msumari pale panapokanyaga, kama milimita 4 hivi, ubavu ukichanika haisaidii. Msumari usiutoe, uache umo. Maelezo ni ya Kijapani ila michoro ipo, nyingine unatoa kwanza kale kasindano ka ndani ya valvu ndo unamimina dawa, nyingine kompresa inasukuma yenyewe. Washa gari, chomeka kompresa kwenye tundu la kuwashia sigara, jaza mpaka namba ya kwenye stika, tembea taratibu kilomita tano hivi dawa isambae, simama upime tena. Ikiwa imeshuka sana usiendelee, ita msaada.

KWA FUNDI PANCHA

Ukifika usikae ndani ya gari unachati. Simama pale. Patana bei ya tundu moja kabla hajagusa kitu, kwa sababu kuna mafundi waaminifu na kuna wale ambao tairi yako inaingia na tundu moja inatoka na manne. Aiweke kwenye maji au apake maji ya sabuni mbele yako, povu lichemke uone mwenyewe liko wapi. Kama ulitia dawa mwambie kabla hajafungua, isimmwagikie.

Tundu la msumari pale panapokanyaga linazibika. Ule uzi wa mpira unaosukumwa kwa sindano kutoka nje ni wa haraka, tairi haitolewi kwenye rimu, unafaa kukufikisha. Mi napenda kiraka cha ndani, inabidi tairi itolewe, ila fundi anaona na hali ya ndani, kama ulitembea bila upepo utakuta unga mweusi wa mpira umejaa mle, hiyo tairi usizibe, imeshakatika mishipa. Ubavuni haizibwi, hata akikuapia. Na akikwambia tuweke tyubu ndani ya tairi isiyo ya tyubu, kataa, sio ya kwenda nayo safari ndefu.

Akimaliza kuna yule mzee wa Msamvu alichonifanyia sijasahau, alilowesha kidole kwa mate akapaka juu ya valvu, akasubiri, kipovu kikatoka kidogo kidogo. Tairi alishaiziba lakini valvu yenyewe mpira ulishapasuka kwa uzee, na ningefika nyumbani salama nikaamka asubuhi imelala tena nikamlaumu yeye. Valvu ya mpira ni hela ndogo sana, tairi ikishatolewa badilisha.

Nati za kufungia waombe wakaze kwa mkono, wale wa bomba refu la mita moja waambie asante utamalizia mwenyewe. Ukitembea kilomita 50 hadi 100 simama uzikague tena, na zikiguna kidogo zikaze. Na spea usiirudishe kwenye buti hivi hivi, mwambie aipime pale pale, kompresa yake si imeshawaka.